Mpira wa Mlango wa Lori: Kazi Yake, Uchakavu Wake na Namna ya Kuubadilisha

Katika kila lori zipo sehemu zinazojulikana na kuheshimiwa na watu wote: injini, gia, breki na magurudumu. Mpira mweusi unaozunguka milango, na ule unaokishika kioo cha mbele, haumo katika hesabu hiyo. Watu wengi hudhani kuwa ni pambo, au kinga ya mvua tu. Ndiyo maana lori kuukuu huweza kufunguliwa injini mara nyingi na kupakwa rangi upya, huku mipira yake ikiwa ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kupuuza huko kuna gharama yake. Mpira uliochakaa hupitisha vumbi na moshi hadi katika mapafu ya dereva na utingo, huingiza maji yanayoila bodi kwa kutu, na unapokuwa wa kioo cha mbele huweza kukifanya kioo kilegee mahali pake. Makala haya yanaeleza kazi ya mpira huo, sababu za kuchakaa kwake, na namna unavyobadilishwa. Kwa walimu na wanafunzi, jambo hili dogo la gereji ni mfano mzuri wa fizikia na kemia zinazofundishwa darasani.

KAZI YA MPIRA

Mlango wa bati na fremu yake haviwezi kukutana sawasawa kila mahali. Baina yao hubaki nafasi ya milimita kadhaa, tena nafasi hiyo haibaki vile vile. Lori linapopita juu ya mashimo, bodi nzima hujipinda kidogo. Pembe moja ya mlango husogea karibu na fremu na nyingine hujitenga nayo. Kwa hiyo haitoshi kuijaza nafasi hiyo kwa kitu chochote laini. Kinachohitajika ni kitu kinachoweza kuifuata fremu kila inaposogea.

Mpira hufanya hivyo kwa sababu una unyumbufu. Mlango unapofungwa, mpira hukandamizwa baina ya mabati mawili, nao hujaribu kurudia umbo lake la awali. Katika kujaribu huko huyasukuma mabati yote mawili, na msukumo huo ndio unaoziba njia. Mpira wa mlango, basi, ni springi. Ukipoteza nguvu ya kusukuma hauzibi tena, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Jambo hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

Springi hiyo hushindana na hewa. Kanieneo ya hewa inayolikabili lori linalokwenda hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa kwa mraba wa kasi. Tukichukua densiti ya hewa kuwa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, lori linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukabiliwa na kanieneo ya nyongeza ya paskali 74 hivi mbele yake. Kwa kilomita 80 kwa saa, kanieneo hiyo huwa karibu paskali 300. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini kanieneo imeongezeka mara nne. Kandokando na nyuma ya chumba cha dereva mambo huwa kinyume: huko kanieneo mara nyingi hushuka chini ya ile ya kawaida. Tofauti ya paskali 100 tu juu ya mlango wenye eneo la mita moja ya mraba ni kani ya nyutoni 100, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 10. Mpira dhaifu hauwezi kustahimili kani hiyo. Hujitenga na fremu na kufungua mlango mdogo usioonekana.

MOSHI NA VUMBI

Dereva akifungua dirisha moja, hewa inayopita kwa kasi nje huweza kuivuta hewa ya ndani. Kanieneo ya ndani hupungua, na hewa nyingine huingia kujaza nafasi kupitia nyufa zote zilizopo: chini ya mlango, nyuma ya kiti, na kwenye matundu ya sakafu ambamo hupita waya na pedali. Hewa hiyo hubeba chochote kilicho karibu na ufa. Katika barabara ya vumbi hubeba vumbi. Penye bomba la moshi lililotoboka hubeba moshi.

Chembe za vumbi zilizo kubwa hunaswa puani na kooni. Zile zenye kipenyo kisichofika mikromita 10 huweza kupita na kuingia kifuani, na zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Masizi ya moshi wa dizeli yamo katika kundi hili la mwisho. Ushahidi wa madhara yake ni wa wazi: mwaka 2012, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia utafiti wa saratani iliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Injini ya petroli ina hatari nyingine. Moshi wake huwa na kaboni monoksaidi nyingi zaidi kuliko wa dizeli, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtu aliyeketi nyuma ya usukani huweza kudhani kuwa amechoka tu kwa safari.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba mpira mpya si dawa ya bomba bovu. Penye harufu ya moshi ndani ya gari, bomba la moshi na viungo vyake hutengenezwa kwanza, na matundu ya sakafu huzibwa. Mpira hufuata baadaye.

MPIRA NI KITU GANI?

Mpira wa asili hutokana na utomvu mweupe wa mimea. Ulio maarufu zaidi ni mti ambao asili yake ni bonde la mto Amazon, uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mitambaazi ya porini iliyotoa utomvu wa namna hiyo, na wakati wa utawala wa Wajerumani yalilimwa mashamba ya mti mwingine wa mpira, Manihot glaziovii, hasa katika eneo la Tanga. Mashamba hayo yaliporomoka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913.

Utomvu uliogandishwa peke yake haufai kuwa mpira wa mlango. Wakati wa joto hulainika na kunata. Wakati wa baridi hukakamaa. Sababu imo katika molekuli zake. Kila molekuli ni mnyororo mrefu wa maelfu ya vipande vya isoprini, na minyororo hiyo imejiviringa ovyo kama nyuzi ndani ya kapu. Ukiivuta hunyooka, lakini pia huteleza, mmoja juu ya mwingine, wala hairudi yote mahali pake.

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa moto huacha kunata na hurudia umbo lake kila unapovutwa. Alipata hataza ya ugunduzi huo mwaka 1844. Kinachotokea ni kwamba atomi za salfa hufanya madaraja madogo baina ya mnyororo na mnyororo. Minyororo bado huweza kunyooka, lakini haiwezi tena kuachana. Utaratibu huo huitwa kuvulkanisha, kutokana na jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale. Kisha viwanda huongeza masizi safi ya kaboni, ambayo huimarisha mpira na kuukinga na miali ya jua. Hiyo ndiyo sababu ya mpira wa gari kuwa mweusi.

MAADUI WANNE WA MPIRA

Adui wa kwanza ni mkandamizo wa kudumu. Lori huegeshwa usiku kucha na milango yake imefungwa, na mpira hukaa umebanwa miaka mingi. Polepole baadhi ya madaraja ya salfa hukatika na mengine hujengeka upya wakati mpira ukiwa umebanwa vile vile. Madaraja hayo mapya hayajui umbo la zamani. Huufanya ubapa uwe ndio umbo halisi. Mpira uliokuwa na unene wa milimita 20, ukabanwa hadi milimita 15, na ulipoachiliwa ukarudi hadi milimita 17 tu, umepoteza milimita 3 kati ya 5 za mnyumbuko wake, yaani asilimia 60.

Adui wa pili ni joto likishirikiana na oksijeni. Kwa makadirio ya wanakemia, miitikio mingi ya namna hii huongezeka kasi karibu mara mbili kwa kila nyongeza ya nyuzijoto 10 za Selsiasi. Bati jeusi lililoachwa kwenye jua kali huweza kupita nyuzijoto 60. Mpira uliopo hapo huzeeka haraka kuliko ule wa lori linaloegeshwa kivulini. Hukakamaa na kuvunjika unapokunjwa.

Adui wa tatu ni ozoni. Gesi hii huwamo kidogo katika hewa ya karibu na ardhi, nayo huongezeka penye jua kali na moshi wa magari. Molekuli za mpira wa asili zina sehemu ambapo atomi mbili za kaboni zimeshikana kwa kiungo maradufu, na hapo ndipo ozoni hushambulia na kuukata mnyororo. Ikiwa mpira umelegea, jeraha hubaki juu juu. Ikiwa umevutwa, jeraha hufunuka, ozoni huingia ndani zaidi, na ufa hukua. Kwa hiyo nyufa za ozoni hukingama na upande wa mvutano, na huonekana kwanza kwenye pembe za mlango ambako mpira umepindwa.

Adui wa nne ni mafuta. Petroli, dizeli na grisi hupenya baina ya minyororo ya mpira wa asili na kuufanya uvimbe na kulegea. Fundi anayepaka grisi kwenye mpira wa mlango ili usilie, humaliza kelele kwa wiki chache na kuharibu mpira kwa jumla.

Wanakemia wametafuta mipira inayostahimili maadui hawa. Neoprini, iliyovumbuliwa mwaka 1930 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, huyavumilia mafuta na ozoni kuliko mpira wa asili. Tangu miaka ya 1960 umeenea mpira utengenezwao kwa ethilini na propilini, ujulikanao kwa herufi EPDM. Uti wa molekuli zake hauna viungo maradufu, hivyo ozoni haipati pa kushika. Mipira mingi ya milango ya magari siku hizi ni ya aina hii. Udhaifu wake ni mafuta: nao huvimba kama ule wa asili.

UCHUNGUZI KABLA YA KUNUNUA

Si kila mlango unaovuja una mpira mbovu. Katika lori kuukuu, kwa mfano Bedford za miaka ya 1960 ambazo zilienea sana Afrika Mashariki, pini za bawaba huwa zimelika na mlango umeshuka. Mlango wa namna hiyo hubana mpira upande mmoja na kuuachia upande wa pili. Dawa yake ni kutengeneza bawaba kwanza. Mpira mpya ukiwekwa juu ya kasoro hiyo utachakaa kwa namna ile ile.

Zipo njia tatu rahisi za kuchunguza. Ya kwanza ni chaki: mpira husuguliwa chaki pande zote, mlango hufungwa na kufunguliwa, kisha fremu hutazamwa. Pasipokuwa na alama ya chaki, mpira haugusi. Ya pili ni kipande cha karatasi: hubanwa na mlango, kisha huvutwa. Kikitoka bila kukinza, mpira unagusa lakini hausukumi. Njia hii hupima ile nguvu ya springi ambayo jicho haliwezi kuiona. Ya tatu ni maji: mtu mmoja huketi ndani, na mwingine humwagia mlango kwa bomba akianzia chini na kupanda juu taratibu. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na haitajulikana yaliingilia wapi.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba milango mingi ya zamani imeundwa ipokee maji kidogo. Mvua hupita kando ya kioo kinachoshuka, huteremka ndani ya mlango, na kutokea kwenye matundu yaliyo chini. Matundu hayo yakizibwa na matope, mlango hugeuka kuwa debe la maji na huoza kutoka ndani. Ni lazima yazibuliwe, wala yasifunikwe kamwe kwa mpira au gundi.

KUBADILISHA MPIRA WA MLANGO

Mpira wa zamani hung'olewa taratibu, na kipande chake kizima huhifadhiwa kiwe kielelezo cha kununulia. Linaloangaliwa ni umbo la mkato wake: unene, upana wa mdomo, na kama una uwazi katikati. Mpira mnene kupita kiasi si bora zaidi. Hufanya mlango ufungike kwa kupigwa kwa nguvu, huchosha kitasa na bawaba, na hubanwa mno hata ukapoteza unyumbufu mapema.

Ukingo wa bati husafishwa gundi yote ya zamani na kutu yote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; ikiachwa, itaendelea kukua chini ya mpira na kuuinua, maji yataingia, na kutu itazidi. Baada ya msasa hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na kila tabaka huachwa likauke kabisa.

Mpira mpya hupachikwa bila kuvutwa. Kosa la kawaida ni kuuvuta ili utoshe, au kuokoa sentimita chache. Mpira uliovutwa huwa mwembamba, baadaye husinyaa na kuacha pengo kwenye kiungo, na, kama ilivyoelezwa, mvutano huikaribisha ozoni. Inafaa ukatwe mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, kisha ziada isukumwe ndani polepole. Kwenye pembe, mpira hukusanywa kidogo badala ya kunyooshwa. Kiungo cha ncha mbili huwekwa sehemu iliyonyooka, si penye pembe. Mpira wenye uwazi mara nyingi huwa na vitundu vidogo vya kutolea hewa. Vitundu hivyo havizibwi kwa gundi, kwa maana mpira usioweza kutoa hewa huukataa mlango kama mto uliojaa upepo.

Mwishoni majaribio ya chaki na karatasi hurudiwa. Mlango ukiwa mzito kufungika, kipokezi cha kitasa husogezwa kidogo hadi mpira ubanwe kwa kiasi.

KIOO CHA MBELE

Katika malori mengi ya zamani kioo cha mbele hakikugandishwa kwa gundi. Kilishikwa na mpira wenye mifereji miwili. Mfereji mmoja humeza kioo, wa pili humeza ukingo wa bati. Mara nyingi ukanda mwembamba hupigiliwa katikati ya mpira ili kuukaza. Hapa mpira hauzibi maji tu, bali ndio unaobeba kioo. Mpira ulionyauka huacha kioo kicheze, na kioo kinachocheza huweza kupasuka au kung'oka.

Kazi hii huhitaji watu wawili wenye glavu na miwani ya kukinga macho. Ukanda wa kukazia hutolewa, mdomo wa mpira huinuliwa kutoka ndani kwa kijiti laini cha mbao, na kioo husukumwa nje polepole huku mtu wa pili akikipokea. Bisibisi ya chuma haitumiwi karibu na ncha ya kioo. Kioo kilichokazwa kwa joto hustahimili pigo la katikati, lakini pigo dogo la pembeni huweza kukivunja chote kuwa chembechembe.

Mpira mpya huvikwa kwanza kwenye kioo. Katika mfereji wa pili hulazwa kamba nyembamba imara kuzunguka kioo chote, ncha zake zikipishana chini katikati. Mpira hupakwa maji ya sabuni, wala si mafuta. Kisha kioo huegemezwa mahali pake kutoka nje, ncha za kamba zikiwa ndani. Mtu wa ndani huvuta kamba taratibu, na wa nje hukibonyeza kioo kwa kiganja mahali kamba inapotoka. Kamba inapotoka huuinua mdomo wa mpira na kuuvusha juu ya ukingo wa bati. Sabuni hupunguza msuguano, kisha hukauka na kuuacha mpira umeshika.

MAJARIBIO YA SHULENI

Wanafunzi wanaweza kujionea mambo haya kwa vifaa vya bei ndogo. Jaribio la kwanza ni la mkandamizo. Vipande viwili sawa vya mpira hupimwa unene, kisha kila kimoja hubanwa baina ya vibao viwili kwa boliti hadi robo ya unene ipotee. Kimoja huwekwa juani na kingine kivulini kwa wiki mbili. Vikiisha kufunguliwa na kupumzishwa nusu saa, hupimwa tena, na asilimia ya mnyumbuko uliopotea hukokotolewa kama katika mfano uliotolewa juu.

Jaribio la pili ni la ozoni. Mpira mwembamba wa kufungia karatasi huvutwa na kuvikwa kwenye kibao. Wa pili huwekwa kando yake bila kuvutwa. Vyote hukaa nje, penye hewa, na hutazamwa kwa lenzi kila wiki. Swali la kujibiwa ni hili: nyufa zimeelekea upande gani, na kwa nini?

Jaribio la tatu ni la mafuta. Vipande viwili vya mpira huo huo hupimwa urefu. Kimoja huwekwa ndani ya maji na kingine ndani ya mafuta ya taa, mbali na moto, kwa siku mbili, kisha hupimwa tena.

Majibu ya majaribio haya matatu yatamwonyesha mwanafunzi kwa nini fundi mwangalifu huegesha lori kivulini, haupaki mpira grisi, wala hauvuti anapoupachika. Nayo yatamwonyesha kwamba mpira wa mlango hupimwa kwa nguvu uliyobakiwa nayo ya kusukuma. Ukiacha kusukuma umekwisha kazi, na anayeketi nyuma yake ndiye anayevuta vumbi na moshi.